Mjadala: Je, tafiti za fani zote zipimwe kwa kibaba kimoja?

Kalamu Kavu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Majuzi nilikaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo vya wahadhiri. Mezani tuliwekewa jedwali lenye safu nne: idadi ya makala, mara ambazo zimenukuliwa, daraja la majarida, na ile namba inayoitwa h. Mwombaji wa kwanza alikuwa mkemia mwenye makala 61. Wa pili alikuwa mwanaisimu mwenye makala nne na kitabu kimoja, sarufi ya lugha ambayo haikuwahi kuandikwa, kazi iliyomla miaka 11. Kitabu hicho hakikuwa na safu kwenye jedwali.

Nauliza: ni haki mkemia, mwanahisabati, mwanahistoria na mwanaisimu wapimwe kwa kibaba kimoja? Mimi nasema si haki, na sisemi hivyo kwa kumwonea mtu huruma. Tazameni kibaba chenyewe kilikotoka. Eugene Garfield alianzisha faharasa yake ya manukuu ya sayansi mwaka 1964. Kigezo cha athari cha jarida kilizaliwa humo kama chombo cha kuchagulia majarida ya kuingizwa kwenye faharasa, na wakutubi wakakipenda kwa sababu kiliwasaidia kuamua walipie lipi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Miaka miwili! Kwa mtu wa biolojia ya molekuli hiyo ni enzi nzima. Kwa mwanahistoria, ndani ya miaka miwili huenda hata uhakiki wa kwanza wa kitabu chake haujatoka.

Halafu h. Aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Ukiwa na kitabu kimoja kilichopindua fani nzima, kikanukuliwa mara 5,000, h yako ni 1. Nani anakataa?

Darubini

Nakataa mimi. Ni mtu wa maabara, biolojia, kwa hiyo nijulikane tangu mwanzo ninakosimama.

Mkuu, umewahi kukaa kwenye kamati isiyo na jedwali? Mimi nimekaa. Profesa mmoja anasema, "Huyu kijana namfahamu, yuko makini." Wa pili anaitikia kwa kichwa. Wa tatu ana njaa, anataka kikao kiishe. Cheo kimetoka. Dada asiye na mtu mle ndani anarudi nyumbani na kazi zake kwapani. Namba ni baridi, nakubali, ila namba haimjui shemeji wa mtu. Mkiiondoa, mnarudisha kujuana, na wa kwanza kuumia ni wale wale mnaodai kuwatetea.

Na jambo jingine. Mnapenda kusema kazi za insia, yaani historia, fasihi, falsafa na kadhalika, "haziwezi kupimwa". Mwanafizikia Alan Sokal aliwatumia wahariri wa Social Text, jarida la fani hizo, makala ya upuuzi aliyoitunga makusudi, wakaichapa mwaka 1996. Fani isiyokubali kupimwa inajuaje pumba ni zipi?

Bi Nyaraka

Kaka Darubini, Sokal nilikuwa namngoja, hakosekani kwenye mijadala hii. Basi na mimi nikuletee Jan Hendrik Schön. Mwanafizikia, nyota wa maabara ya Bell Labs, makala zake zilikuwa zinatoka kwenye majarida makubwa ya Nature na Science kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2002 ikathibitika kwamba alibuni data. Ungempima kwa jedwali lako mwaka mmoja kabla, angekuwa wa kwanza kwenye orodha. Na mwaka 2015 kundi kubwa la wanasaikolojia lilirudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa kwenye majarida yenye heshima. Zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu hazikufika hata 40.

Magugu yapo kila shamba. Walioyaona kwa Schön ni watu waliokaa wakasoma makala zake, wakagundua michoro inafanana hadi kwenye makosa madogo madogo. Kuhesabu hakukumkamata.

Mlipa Kodi

Mnabishania rula, mimi nauliza kwa nini tununue kitambaa. Fedha za umma zina mwisho. Anayetafuta dawa apewe. Anayetafuta maana ya kiima katika shairi la karne ya 17 ajilipie. Kuna serikali zilizothubutu kulisema hilo wazi: Japani mwaka 2015 wizara ya elimu iliviandikia vyuo vya taifa vifunge au vigeuze idara za insia na sayansi za jamii. Australia nayo mwaka 2020 ikaamua kupandisha ada za masomo mengi ya insia zaidi ya mara mbili. Mbona mbingu hazikuanguka?

Bi Nyaraka

Mzee, umeacha nusu ya kisa cha Japani. Waliokuja juu hawakuwa maprofesa wa mashairi peke yao. Keidanren, shirikisho la makampuni makubwa ya huko, lilitoka hadharani na kusema hawataki wahitimu wa "vitu vya faida ya haraka" tu. Wizara ikabaki kueleza kwamba imeeleweka vibaya.

Kuhusu dawa, kumbuka Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014. Virusi vilijulikana tangu 1976. Njia ya kuambukiza ilijulikana. Lakini maiti za wagonjwa nazo zilikuwa na hatari kubwa ya kuambukiza, na vikosi vya mazishi vilipofika na mavazi ya plastiki kumchukua mzazi wa mtu bila dua wala kuaga, familia zilificha wagonjwa na kuzika usiku. Wanaanthropolojia na viongozi wa dini ndio waliokaa na watu hao na kuuliza: ni kipi katika maziko hakiachiki, na kipi kinaweza kubadilishwa? Mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa maziko salama na yenye heshima. Utafiti wa mila za mazishi, ambao wewe ungeufuta bajeti ya mwaka 2010, uliokoa watu.

Mlipa Kodi

Huo nakubali. Kiima cha karne ya 17 bado.

Hesabu Tupu

Naingilia kwa sababu mnagawa dunia vipande viwili, sayansi huku na insia kule, na mimi sina pa kukaa. Ni mwanahisabati. Kwenye bajeti nahesabiwa mwanasayansi. Sina maabara. Nina ubao, karatasi na kikapu cha taka.

Maisha yetu yanafanana na ya wanafalsafa kuliko ya Darubini. Andrew Wiles alifungiwa (tuseme alijifungia) na swali moja la Fermat, mwanahisabati wa karne ya 17, kwa miaka saba, karibu kwa siri. Akatangaza jawabu mwezi Juni 1993. Likakutwa na ufa. Alihangaika zaidi ya mwaka mzima, akisaidiwa na mwanafunzi wake wa zamani Richard Taylor, na makala zikatoka mwaka 1995. Kwa jedwali la Kalamu Kavu, miaka mingi ya hapo katikati ingesomeka kama uvivu.

Sasa mpeleke kwa jirani yake anayeitwa pia mwanasayansi. Mwaka 2015 majaribio mawili ya mtambo wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, yaani ATLAS na CMS, yalitoa makala ya pamoja kuhusu tungamo la chembe ya Higgs. Waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina ya watu na taasisi zao. Hakuna kosa hapo, mtambo ule hauwezi kuendeshwa na watu watatu. Lakini kila mmoja wa wale 5,154 anaandika makala hiyo kwenye wasifu wake, na Wiles anaandika yake. Moja sawa na moja! Nani ana akili timamu anayezijumlisha pamoja?

Hata mpangilio wa majina una lugha tofauti. Kwetu na kwa wachumi wengi majina hufuata alfabeti, kwa hiyo wa kwanza ni mwenye bahati ya herufi. Kwa Darubini wa kwanza ndiye aliyefanya kazi na wa mwisho ndiye mwenye maabara. Nimewahi kuulizwa na kamati kwa nini "mchango wangu ni mdogo" katika kila makala. Jina langu la ukoo linaanza na W.

Darubini

Hahaha, pole mwalimu. Hiyo ya W nimeichukua.

Lakini angalieni mlichofanya. Mmenipa mifano ya watu walioshinda. Kwa kila Wiles wapo wangapi waliojifungia miaka saba wakatoka mikono mitupu, tena kwa mshahara? Hao hawaandikwi popote. Chuo hakiwezi kuendeshwa kwa kungoja Wiles.

Pilipili

Kwa hiyo Karikó alistahili alichofanyiwa?

Darubini

Sijasema hivyo.

Pilipili

Basi nisaidie. Katalin Karikó, mtu wa fani yako kabisa, biokemia. Mwaka 1995 chuo chake kilimshusha cheo kwa sababu hakuwa akipata ruzuku. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman wakachapisha kazi kuhusu mRNA ambayo baadaye iliwezesha chanjo za korona. Nobel wakapewa 2023. Na Peter Higgs mwenyewe, baada ya 1964 alipoitabiri ile chembe yenye jina lake, makala zake zilihesabika kwa vidole. Alipopata Nobel mwaka 2013 alisema kwa zama hizi asingepata hata kazi chuoni. Rula yenu inawakata watu wenu.

Kalamu Kavu

Nirudi kwenye hoja ya kujuana, maana ndiyo nzito kuliko zote zilizoletwa na nisiipite kama sikuiona. Darubini yuko sahihi kwamba namba iliingia kama ngao ya mnyonge. Ila ngao hiyo nayo ina mwenyewe. Hifadhidata zinazohesabu manukuu zimejaa majarida ya Kiingereza. Anayeandika historia ya watu kwa lugha ya watu hao, ili nao waisome, anatoweka. Na vitabu, ambavyo ndivyo moyo wa fani za insia, vilichelewa sana kuhesabiwa, na hadi leo vinahesabiwa kwa kusuasua. Mnyonge wa namna nyingine anakanyagwa, tofauti ni kwamba safari hii hakuna uso wa kumlaumu.

Isitoshe, watu si mawe. Ukishawaambia wanahesabiwa, wanajipanga kwa hesabu. Utafiti mmoja unakatwa vipande vitano, marafiki wananukuliana. China ilikuwa ikitoa zawadi za fedha taslimu kwa makala zilizomo kwenye faharasa ya Garfield. Mwaka 2020 serikali yenyewe ikapiga marufuku zawadi hizo na kuviambia vyuo viache kuabudu idadi. Hao walikuwa waumini kuliko wewe, Darubini.

Bi Nyaraka

Niongeze mmoja kwa ajili ya Mlipa Kodi. Alice Kober, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini huko Brooklyn, aling'ang'ania mwandiko wa kale wa Linear B ambao hakuna aliyejua hata ni wa lugha gani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi zilikuwa adimu, akakata kadi kutoka kila karatasi aliyoipata na kuzipanga ndani ya katoni za sigara. Alichapisha makala chache tu, akafa mwaka 1950. Miaka miwili baadaye Michael Ventris, msanifu majengo, akipita kwenye njia aliyoifyeka Kober, akaonyesha kwamba lugha ile ni Kigiriki. Historia ya Kigiriki kilichoandikwa ikarudi nyuma karne kadhaa. Hakuna dawa iliyotokana nayo, mzee. Sikudanganyi.

Mlipa Kodi

Angalau hakudai maabara.

Darubini

Sawa, tuseme mmenishinda kwa upande wa ubaya wa rula. Pendekezeni basi. Norway walijaribu kupima kwa pointi: makala ya kawaida pointi 1, ya jarida la daraja la juu 3, kitabu 5, kitabu cha mchapishaji wa daraja la juu 8. Mnaridhika? Kitabu cha miaka 11 ni sawa na makala tano?

Hesabu Tupu

Ni afadhali kuliko sifuri. Lakini hiyo nayo ni rula, imeongezwa alama tu.

Kalamu Kavu

Pendekezo langu ni la kizamani: kusoma. Kila mwombaji achague kazi zake tatu, iwe makala, kitabu, kamusi, programu ya kompyuta au mkusanyo wa data, aeleze kwa ukurasa mmoja kila moja imebadili nini, na zisomwe na watu wa fani yake kutoka nje ya chuo. Majina ya wasomaji na maoni yao yawekwe kwenye faili, ili hilo la shemeji lidhibitiwe. Azimio la San Francisco la 2013 lilikwisha kusema kazi ya mtu isipimwe kwa jarida ilimotoka. Taasisi nyingi zimetia saini. Saini ni rahisi.

Darubini

Na kusoma ni ghali. Uingereza kwenye tathmini yao ya 2021 waligawa fani makundi 34, kila kundi na jopo lake, na wakapokea kazi zaidi ya 185,000. Ni taifa tajiri, na bado wasomaji walilalamika kuzidiwa. Kamati yako ilikuwa na watu wangapi?

Kalamu Kavu

Watano. Waombaji tisa. Kazi tatu tatu zingekuwa 27. Wiki mbili, labda tatu.

Darubini

Mlisoma ngapi?

Kalamu Kavu

Hakuna.

Pilipili

Na kuhusu yule mwanaisimu ulipiga kura gani, mkuu?

Kalamu Kavu

Nilifuata jedwali. Kitabu chake nimekiazima juzi, niko ukurasa wa 140.