Wakimbizi Warundi, uraia 2014, kujitoa kwa Tanzania 2018: nini kilibadilika?

Mwanalwiche:
Ndugu wanajukwaa, mwaka 2014 Tanzania ilikuwa ikiwagawia vyeti vya uraia Warundi wapatao 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wale waliokimbia mauaji ya 1972 kwao Burundi, pamoja na wazao wao. Januari 2018 nchi hiyo hiyo ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maisha ya wenyeji. Sheria ya Wakimbizi ni ile ile ya 1998. Je, kilichobadilika ni aliyeko Ikulu tu?

Mzee wa Kibondo:
Rais alibadilika, ndiyo, lakini usimtazame yeye peke yake. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza wa Burundi aliwania muhula wa tatu, na watu wakamiminika katika kambi za Kigoma: Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli. Mwanzoni Warundi walipokelewa kwa pamoja, bila kila mmoja kuhojiwa kisa chake. Januari 2017 utaratibu huo ukasitishwa. Julai mwaka huo Nkurunziza alikuja Ngara, na Magufuli akawahimiza Warundi warejee kwao. Baada ya hapo, kila Mrundi aliyepewa hifadhi alikuwa ni kama barua ya kumwambia jirani kwamba kwake hakuna amani, na serikali zilizokwisha kupatana haziandikiani barua za namna hiyo. Tanzania ilipojitoa ilitaja usalama na uhaba wa fedha za wafadhili; hilo la fedha silipuuzi, kwa maana ahadi zilikuwa nyingi kuliko malipo.

Bint Kasulu:
Shikamoo, Mzee. La jirani ninakubaliana nawe, lakini halielezi yaliyofuata. Nkurunziza alifariki Juni 2020, Ndayishimiye akashika nchi, na Machi 2021 Tanzania nayo ikapata Rais mpya. Kama sera ingekuwa ya mtu, ingelegea wakati huo. Badala yake Mtendeli ilifungwa mwaka huo huo wa 2021, na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Waliokuja 1972 walipewa ardhi wakalima, kama usemi wetu wa mgeni na jembe unavyotaka, ilhali hawa wa 2015 walifungiwa hata masoko yaliyowakutanisha na wenyeji. Mtu aliyenyimwa soko akijiandikisha kurudi, ninasita kuiita hiyo hiari.

Mwanalwiche:
Marahaba za Mzee nimwachie mwenyewe. Basi swali langu lilikuwa nusu: nilipaswa kuuliza pia kwa nini hata Rais mpya wa Tanzania hakuyafungua masoko yale.