Tupeane uzoefu: mlijuaje kwamba ni tezi la shingo?

Mleta mada, Tabata
Habarini ndugu zangu. Naomba tukusanye hapa dalili za mwanzo kabisa, zile ulizoziona kabla hujajua unaumwa nini. Naanza na zangu.

Mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua. Wenzangu nyumbani wanalala na feni, mimi najifunika blanketi. Dukani nakaa na sweta, wateja wananipa pole ya malaria. Nimepima malaria mara tatu, sina. Zinapita siku nne sijapata choo. Visigino na viwiko vimekakamaa hata nipake mafuta vipi. Sauti ikawa nzito, mpaka siku moja nampigia mama ananiuliza, "Nani mwenzangu?" Na nanenepa, wakati chakula chenyewe sina hamu nacho.

Kosa langu ni kwamba kila dalili niliipeleka kivyake. Choo kwa muuza dawa, nywele kukatika kwa msusi, hedhi nzito zahanati, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Mwaka ukaisha hivyo. Daktari mmoja mama mtu mzima ndiye aliyeniuliza yote kwa mpigo, akanishika shingo huku nameza maji, akaandika kipimo cha TSH. Ilikuwa juu sana. Akanieleza kuwa TSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, kazi yake kulisukuma tezi la shingo. Tezi likilegea, msukumo unaongezeka. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, mara nyingi homoni ya tezi la shingo yenyewe iko chini.

Fundi cherehani, Kariakoo
Pole dada. Mimi ni kinyume chako kabisa. Nilikuwa nakula ugali wa watu wawili na bado suruali zinanivuka. Mtaani walishanihukumu kuwa nina ngoma. Nilipima mara mbili, sina, lakini maneno hayakuisha, na yaliniuma kuliko ugonjwa.

Kilichonishtua ni sindano. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, halafu uzi ukagoma kuingia kwenye tundu. Nalenga, mkono unacheza. Kijana wangu wa kazi akawa ananitungia bila kuniambia kitu, nikifika asubuhi nakuta sindano zote zina uzi. Usiku nikilala ubavu nasikia moyo unagonga kwenye mto. Jasho muda wote. Mke wangu akaniuliza mbona namkodolea macho, kumbe macho yalikuwa yameanza kutoka nje.

Hospitali daktari alinyoosha mikono yangu, akaweka karatasi juu ya vidole. Ikatetemeka kama jani. Damu ikaonyesha homoni imezidi. Natumia kabimazo, dawa ya kupunguza homoni hiyo, na nilionywa hivi: ukipata homa au koo kuuma, acha dawa, wahi hospitali siku hiyohiyo upimwe damu, kwa sababu mara chache dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu. Anayeitumia asilipuuze hilo.

Mama wa mtoto wa miezi sita, Kigamboni
Mimi ilinijia baada ya kujifungua. Kwanza moyo kwenda mbio, kisha uchovu wa kushindwa hata kumwogesha mtoto. Wote wakasema ni uzazi tu. Kumbe ni tezi. Nimeambiwa kwa wengi hutulia lenyewe ndani ya mwaka, ila nirudi kupima.

Mwanachama, Mbagala
Bibi yangu Njombe alikuwa na rovu kubwa, na pale kijijini hakuwa peke yake. Enzi zile chumvi haikuwa na madini joto, ambayo tezi linayahitaji. Mimi pia shingo imevimba, lakini homoni zangu ziko sawa, nimefanyiwa ultrasaundi na nafuatiliwa tu.

Mleta mada
Asante ndugu wa Mbagala, maana mimi shingo haikuvimba hata kidogo. Msisubiri uvimbe.

Na mnaotumia levothairoksini, dawa ya kuongeza homoni ya tezi, kama mimi: nilikuwa naimeza asubuhi pamoja na vidonge vya damu na chai ya maziwa, TSH ikagoma kushuka. Sasa nameza na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na vidonge vya damu navisogeza mbele masaa manne. Imeanza kushuka. Juzi mama kapiga simu, kanijua kwa neno la kwanza.

Fundi, macho yako yanaendeleaje? Na waliofanyiwa upasuaji bado hawajasema. Tunawasubiri, hasa kuhusu sauti.