Mrejesho: Dada yangu wa Tongoni amepata kazi, mkopo bado

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliuliza hapa namna dada yangu wa Tongoni, Tanga, ambaye kaya yake inapokea ruzuku ya TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), angeweza kupata mwongozo wa kazi inayomfaa yeye mwenyewe, kwa kuwa anamuuguza mama yetu. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Tulifuata ushauri wa kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata na kuomba dada asikilizwe peke yake, na hilo ndilo lililosaidia zaidi: aliulizwa ujuzi alio nao, saa anazoweza kutoka na nani hubaki na mgonjwa, hata wazo la kilimo cha mwani likaachwa, kwani kazi hiyo hufuata maji kupwa, wala si nafasi ya mtu. Akaunganishwa na fundi cherehani wa jirani, na sasa anashona sare za shule nyumbani, akilipwa kwa kila nguo. Kipato ni kidogo, lakini ni chake.

Mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, haujapatikana, kwa sababu kikundi kinahitaji watu wasiopungua 5 na waliokubali hawajatimia. Mtakaofuata njia hii, anzeni kutafuta wenzenu mapema.