Namba ya Kirumi SI idadi ya atomu! Mwanangu kachapwa kwa kosa alilofundishwa darasani

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kata, jina silitaji. Jana karudi na karatasi ya jaribio la kemia: 6 kati ya 20. Mada ni kutaja majina ya kampaundi za ayoni (chembe zenye chaji ya umeme, chanya au hasi) na kuandika fomula zake. Utaratibu wa mwalimu ni kwamba kila alama inayopungua kufikia nusu ni fimbo moja. Nusu ni 10, kapata 6, kala nne.

Nakiri, hata mimi nilianza kumfokea. Mimi nina duka la pembejeo, kemia niliifanya hadi kidato cha nne na niliipenda, nikaona mtoto ananiangusha. Halafu nikaisoma karatasi yenyewe.

Fe₂O₃ inaitwaje? Kaandika aironi (yaani chuma) (II) oksaidi. Kosa. Cu₂O? Kopa, yaani shaba, (II) oksaidi. Kosa. CuO? Kopa (I) oksaidi. Kosa tena. Nikamwambia, mama, haya makosa mbona yana mpangilio? Hii mbili umeitoa wapi? Hakujibu, akaenda kuleta daftari. Na daftari linasema, kwa wino mwekundu na mstari chini yake: namba ya Kirumi ni ile namba ndogo inayoandikwa chini kwenye fomula. Mifano: FeCl₂ ni aironi (II) kloraidi, FeCl₃ ni aironi (III) kloraidi, CuCl₂ ni kopa (II) kloraidi. Pembeni kuna tiki na saini ya mwalimu.

Sasa angalieni balaa lilipo. Mifano yote mitatu ni sahihi! Lakini ni sahihi kwa bahati. Kloraidi ina chaji ya hasi moja, kwa hiyo ukiwa na kloraidi tatu, chuma lazima kiwe na chanya tatu ili jumla iwe sifuri. Namba ya chini na namba ya Kirumi zimekutana njiani tu, si ndugu. Njoo kwenye oksijeni, yenye hasi mbili, uone kanuni inavyoanguka. Fe₂O₃ ina namba ndogo mbili, binti kachukua ile ya kwanza. Lakini ina oksijeni tatu, hiyo ni hasi sita. Vyuma viwili vigawane chanya sita, kila kimoja tatu. Ndiyo maana ni aironi (III) oksaidi, hata kama hiyo tatu imekaa chini ya oksijeni na si ya chuma.

Kwa shaba ndiyo kichekesho kabisa. CuO, ile nyeusi, ni kopa (II). Cu₂O, ile nyekundu, ni kopa (I). Kanuni ya daftari inazigeuza majina kichwa chini miguu juu, na binti yangu kaigeuza vilevile, kwa utiifu mkubwa, halafu kachapwa na yule yule aliyemfundisha.

Namba ya Kirumi inataja chaji ya metali. Basi. Mtindo huu alipendekeza Mjerumani Alfred Stock mwaka 1919, na faida yake ni kwamba hulazimiki kukariri yale majina ya zamani ya ferasi na feriki, kuprasi na kupriki. Yaani kitu kilicholetwa kupunguza kukariri, sisi tumekigeuza cha kukariri, tena vibaya.

Nikaendelea kufunua daftari, roho inazidi kuniuma. Kuandika fomula: "ya huyu inashuka kwa yule", yaani namba ya chaji ya ayoni moja inaandikwa chini ya nyingine. Sawa, mtindo huo hata sisi tulifundishwa, na unafanya kazi. Ila hakuna hata mstari mmoja unaosema KWA NINI inashuka. Hakuna neno kwamba jumla ya chaji lazima iwe sifuri. Ndiyo maana mtoto anavusha mbili ya kalsiamu na mbili ya oksijeni, anaandika Ca₂O₂ badala ya CaO, na hajui kwa nini anakatwa. Na mabano hayajaelezwa popote. Magnesiamu haidroksaidi kaiandika MgOH₂ badala ya Mg(OH)₂, yaani oksijeni moja badala ya mbili.

Leo nikamchukua dukani. Nikamwonyesha mfuko wa mbolea ya SA, salfeti ya amonia. Amoniamu ni NH₄ yenye chanya moja, salfeti ni SO₄ yenye hasi mbili. Ngapi kwa ngapi? Mbili kwa moja, kajibu haraka. Andika. Akaandika bila mabano, NH₄₂SO₄. Nikamwambia soma. "Hidrojeni arobaini na mbili." Akacheka mwenyewe, akafuta, akaweka (NH₄)₂SO₄. Nikachota mrututu, CuSO₄: salfeti moja hasi mbili, basi shaba? Chanya mbili. Jina? Kopa (II) salfeti. Na hapo hakuna mbili yoyote chini ya shaba. Dakika ishirini tu wakuu, kati ya mteja na mteja.

Kingine, kidogo tu. Kaniuliza kwa nini sodiamu ni Na, maana darasani wameambiwa "kariri hivyo hivyo". Jamani! Na ni natrium, neno lililotokana na natron, magadi. Ziwa Natron liko Arusha hapo, heroe wanazaliana huko, jina lipo kwenye ramani ya jiografia ya mtoto huyo huyo!

Na masikio ya watoto nayo mnayafikiria? Salfaidi, salfaiti, salfeti, zote zinatamkwa haraka haraka kwa watoto waliotoka darasa la saba wakisoma kwa Kiswahili. Ayoni na aironi binti yangu aliamini ni kitu kimoja hadi Machi mwaka huu. Salfaidi haina oksijeni, S peke yake. Salfaiti ni SO₃, salfeti ni SO₄. Yaandikeni ubaoni, msiyaseme tu.

NYONGEZA: Kuna wanaosema mwalimu ni kijana wa kujitolea, halipwi vizuri, nisimwandame. Simwandami kwa kutojua, hata mimi nimekosea mengi. Namwandama kwa fimbo. Ukikosea wewe ubaoni, usichape mgongo wa mwingine. Na aliyeniambia "mtoto angejiongeza": ajiongeze vipi wakati daftari lina saini?

Jumatatu saa mbili niko ofisi ya taaluma, na karatasi mkono mmoja, daftari mkono mwingine. Yale maswali matatu yana alama mbili mbili. Alijibu kama alivyofundishwa. 6 na 6 ni 12, yuko juu ya nusu. Alama nazitaka zirudi. Fimbo nne sijui watazirudishaje.