Mjadala: Viti vitupu kwenye kikapu cha vyuo Marekani, shabiki kakimbia au kafukuzwa?

MWENYE MADA

Wakuu, salaam. Mada hii inatuhusu zaidi sisi tulioko huku Marekani, ila mlioko nyumbani mnaofuatilia tangu enzi za Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechezea chuo cha Connecticut, karibuni pia, mna haki ya kusema.

Jumanne moja ya Januari nilimpeleka mwanangu wa miaka kumi kuangalia kikapu cha chuo kimoja hapa Ohio. Jina kapuni. Mechi iliwekwa saa tatu usiku, maana hiyo ndiyo nafasi waliyopewa na televisheni, na kesho yake ni shule. Nje theluji, maegesho dola 20. Tunaingia, majukwaa ya juu yote yamefunikwa pazia jeusi. Chini kabisa, ubavuni mwa uwanja, kuna safu tano za viti vya takia vyenye majina ya wenyewe mgongoni, na wenyewe hawapo. Wanafunzi kama mia hivi wamesukumwa nyuma ya goli. Ukumbi umepoa kiasi cha kusikia raba zikilia kwenye mbao na kocha wa wageni akimporomoshea kijana wake matusi. Mwanangu akageuka kunitazama kama nimesikia. Nikajifanya nasoma ubao wa matokeo.

Kipindi cha pili likatangazwa hudhurio: watu elfu sita na ushee. Mtoto akaanza kuhesabu vichwa safu kwa safu, akafika 740 akakosa cha kuhesabu. Kwa asiyejua, namba inayosomwa pale mara nyingi ni ya tiketi zilizouzwa au kugawiwa. Kama mwenye tiketi kalala kwake, anahesabiwa vilevile. Kwa hiyo kila mnapoambiwa "mahudhurio yameshuka kidogo", jueni hali ya ukumbini ni mbaya kuliko karatasi.

Sasa hoja yangu. Nasoma kila mahali kwamba mashabiki wamekimbia kwa sababu vijana siku hizi wanalipwa na wanahamahama. Mimi sikubali. Shabiki kafukuzwa, na waliomfukuza ni vyuo vyenyewe, pale walipouza kiti cha mwanafunzi kwa mfadhili na saa ya mechi kwa televisheni.

Chukueni Chapel Hill, nyumbani kwa chuo cha North Carolina. Ukumbi wao wa Dean Smith ulifunguliwa Januari 1986, unabeba watu zaidi ya 21,000, na ulijengwa kwa michango ya watu binafsi. Waliochanga wakapewa haki ya viti vizuri vya chini. Matokeo yake yakaonekana mapema: mwaka 1991 Sam Cassell, mchezaji wa chuo cha Florida State, alishinda pale, kisha akawaambia waandishi kwamba umati ule ni wa jibini na divai, yaani watu wa kustarehe, si wa kushangilia. Jina likawaganda. Halafu Januari 2000 ikaanguka theluji kubwa kuliko kawaida ya eneo lile, siku ya kucheza na chuo cha Maryland. Wazee wenye tiketi wakashindwa kutoka majumbani, milango ikafunguliwa kwa yeyote atakayefika kwa mguu, na wanafunzi wakashuka hadi chini kukaa kwenye viti vya wakubwa. Waliokuwepo wanausimulia usiku ule hadi leo kwa sababu ya kelele. Jamani, ukumbi ni uleule, timu ni ileile, kilichobadilika ni nani kakaa wapi!

Na mwendo wa kilomita kama 16 tu kutoka hapo wapo chuo cha Duke, na ukumbi wao wa Cameron wa mwaka 1940 wenye viti 9,314. Wanafunzi wanakaa chini kabisa, mpaka anayerusha mpira wa pembeni anapumuliwa kisogoni. Hawalipi kiingilio. Wanailipia kwa kulala kwenye mahema kwa wiki kadhaa, kwenye baridi, wakingoja mechi ya North Carolina. Sijawahi kusikia Cameron wanalalamikia hudhurio.

Aliyewahi kukaa mzunguko siku ya Simba na Yanga anaelewa ninachosema. VIP wanapiga picha, ngoma iko mzunguko.

Haya, uwanja wenu. Mnaosema ni pesa za wachezaji, njooni na hoja.

MZEE WA NUSU UWANJA

Mwenye mada, kusimulia unajua, ila donda umelizunguka tu. Nipo Connecticut mwaka wa 22 huu. Thabeet alipofika Storrs, kilipo chuo chetu, 2006 alikuwa mrefu, basi. Mita 2.21 za mtoto wa Dar aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa. Tulimwona anadondosha pasi, tukamzomea kidogo, tukamzoea. Mwaka wa tatu akawa anafuta mipira ya watu angani, akawa mlinzi bora wa ligi yetu ya vyuo, Big East, mara mbili mfululizo, timu ikafika nne bora za taifa 2009, Memphis wa NBA, ligi ya kulipwa, wakamchukua namba mbili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya. Sisi tulilea. Ndiyo maana tulikuwa tunakwenda ukumbi wetu wa Gampel hata Jumatano ya baridi dhidi ya timu ambayo huwezi kutamka jina lake.

Leo nimlee nani? Julai 2021 wachezaji wameruhusiwa kula pesa za jina na sura zao, mwaka huohuo ikaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu. Kuanzia msimu wa 2025–26 chuo chenyewe kinaweza kugawa hadi dola milioni 20.5 hivi kwa wanamichezo wake. Siwaonei wivu, wazazi wao wana shida kama sisi. Ila nilinunua jezi ya mjukuu wangu yenye jina la kijana mmoja, kufika Desemba iliyofuata kijana anatufunga akiwa na jezi ya wengine. Mjukuu akaniuliza ashangilie au alie.

Kuhusu saa tatu usiku, mbona Machi 2009 Connecticut na chuo cha Syracuse walicheza pale ukumbi wa Madison Square Garden vipindi sita vya nyongeza, wakamaliza saa saba na dakika 22 usiku, na hakuna aliyeuliza kesho ni siku gani? Tulifungwa 127 kwa 117 na bado naisimulia.

MAMA FURAHA, LEXINGTON

Jambo yenu. Mimi ni Mkongomani, natoka Bukavu, naishi hapa Kentucky, na Waswahili hapa Lexington tumejaa hadi kwenye maduka. Huyu mzee nataka nimjibu kwa heshima.

Aprili 2024 Calipari, kocha wa chuo cha Kentucky, alihamia Arkansas. Wachezaji wote wenye ufadhili wa masomo wakatawanyika, hakubaki hata mmoja. Akaja kocha mpya Mark Pope, aliyekuwa kwenye kikosi chetu cha ubingwa cha 1996. Siku ya kumtambulisha wakafungua ukumbi wa timu, Rupp Arena, bure. Mume wangu alikuwa zamu mjini siku ile, akanipigia simu nisipite barabara ya katikati. Ukumbi wa watu zaidi ya 20,000 ulijaa pomoni, wengine wakarudishiwa mlangoni. Mechi hakuna, mpira hakuna, mchezaji hakuna. Walikuja kumtazama mwanaume mwenye suti akiongea! Na msimu ulipoanza wakaendelea kuja, kwa timu ya wageni watupu.

Kwa hiyo kuhama hakufukuzi watu wa hapa. Wao wanashangilia jina lililo kifuani, si la mgongoni. Lakini mwenye mada pia asifurahi haraka. Hapa hakuna timu ya NBA wala ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Jioni ya Januari Kentucky hii mtu aende wapi? Tazameni Dayton huko kwenu Ohio, mji wa kawaida, hauna timu kubwa ya kulipwa, na ukumbi wao wa viti 13,407 unajaa karibu kila mechi. Kwenye miji mikubwa chuo kinagombania mtu mmoja na timu tano.

KIJANA WA KAMPASI

Nipo Los Angeles, miaka 20, mwanafunzi, na tiketi yangu ni rahisi tu. Kwa hiyo hamjanifukuza, siendi kwa hiari.

Pauley Pavilion, ukumbi wa chuo chetu cha UCLA, juu kuna mabango ya ubingwa, kumi ni ya kocha John Wooden peke yake kati ya 1964 na 1975. Chini viti vinajionea upepo. Kwa nini? Novemba na nusu ya Desemba wanaleta timu ndogo za kuja kufungwa kwa tofauti ya pointi 35 na kuondoka na hundi yao. Hapo hapo mitihani. Mitihani ikiisha tunafunga chuo, mimi nipo kwa shangazi Texas. Tukirudi Januari, wapinzani ndio hawa wa ligi ya vyuo ya Big Ten, maana UCLA imehamia huko 2024. Mechi ya kujaza ukumbi ilikuwa Arizona. Arizona kaenda ligi nyingine, Big 12. Sasa naambiwa nimchukie chuo cha Rutgers wa New Jersey, kilomita karibu 4,000 kutoka hapa. Nimchukie kwa lipi, kanikosea nini?

Na hata ukikosa mechi zote, Machi timu 68 zinaingia mtoano na hapo ndipo kila mtu anaangalia. Msimu wa miezi minne umegeuzwa mazoezi. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni akaingia foleni ya barabara ya 405 kwa ajili ya mazoezi, huyo ana mapenzi ya pekee, apewe nishani.

DADA WA COLUMBIA

Nimesoma wote, na mwenye mada kajifunga goli mwenyewe bila kujua.

Nipo South Carolina. Ukumbi wa chuo chetu, Colonial Life Arena, una viti kama 18,000. Wanaume na wanawake wa chuo wanachezea humo humo, mbao zilezile, maegesho yaleyale, wafadhili walewale. Tangu msimu wa 2014–15 timu ya wanawake imekuwa ikiongoza nchi kwa mahudhurio ya wanawake mwaka hadi mwaka, na mara nyingi inaingiza watu wengi kuliko kaka zao. Sasa niambie, kama tatizo ni kiti na saa, mbona ukumbi mmoja unatoa majibu mawili?

Nitakwambia ninachokiona kila wiki. Kocha wa wanawake, Dawn Staley, yupo tangu 2008. Alikuta viti vitupu. Hakuanza kushinda ubingwa wa taifa mpaka 2017, ila alianza kusalimia watu siku ya kwanza. Bibi wa kanisani kwetu ana umri wa miaka 78, ana kiti chake cha msimu, na kwake kocha ni "yule mtoto wangu". Akikosa mechi mbili majirani wa kiti wanampigia simu. Hiyo huwezi kuinunua kwa televisheni wala kuiharibu kwa dirisha la uhamisho, maana wanawake nao wanahama kwa kanuni zilezile.

Na msiseme wanawake hawana soko la televisheni. Fainali ya taifa ya Aprili 2024, sisi dhidi ya Iowa ya nyota Caitlin Clark, ilitazamwa na watu milioni 18.9. Ya wanaume milioni 14.8.

MWENYE MADA

Dada, umenibana. Nakiri kwamba kiti peke yake hakielezi kila kitu, na yule bibi wa miaka 78 kanishinda hoja. Lakini angalia: bibi huyo anakipata kiti, anakimudu, na anakaa karibu na anaowajua. Ungempandisha chini ya paa ili apishwe mfadhili, hao majirani wa kumpigia simu angewapata wapi? Nilichokiita kufukuzwa ndicho hicho, kuvunja ujirani wa jukwaani.

Mzee, ile ya nyongeza sita ilikuwa mashindano ya Machi pale New York. Mimi nasema Jumanne ya Januari. Hata hivyo hoja yako ya kulea siwezi kuipangua yote, maana Mama Furaha anasema Kentucky, na Kentucky ni dini, si kipimo cha vyuo vingine zaidi ya 350.

Kijana, wewe ndiye umeniogopesha. Wengine tunabishania nani katufukuza, wewe hukuwahi kuingia.

Niwape na mrejesho. Jumapili iliyofuata nilirudi na mtoto kwenye chuo kilekile, mara hii kuwaona wanawake. Saa nane mchana, maegesho bure. Pazia jeusi lilikuwa palepale. Mzee wa mlangoni akatazama tiketi zetu za juu, akatutazama sisi, akasema kaeni popote mnapopenda, leo hawaji. Tukaenda kukaa kwenye viti vya takia. Mwanangu kasoma jina lililo nyuma ya chake, kaniuliza huyo ni mchezaji wa zamani? Nikamwambia ni mwenye kampuni ya mabati.

MZEE WA NUSU UWANJA

Na mlishangilia?

MWENYE MADA

Sauti imenikauka hadi leo. Mtoto anataka turudi Alhamisi, ila Alhamisi ni wanaume, saa tatu usiku.