Eti "mafuta ni mafuta": fundi kamwaga haidroliki ya usukani kwenye masta silinda yangu!

Mrithi wa 109:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mods msiunganishe uzi huu na ule wa matairi, uacheni hapa watu wasome.

Yule fundi wa upande wa Gerezani, Dar, mnayemjua. Simtaji. Mwenye Land Rover ya zamani na hajapita mikononi mwake anyooshe kidole. Leo kaniulia gari.

Gari ni Series III 109 ya marehemu Mzee. Nimebadilisha vipira vyote vya breki: masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na wili silinda, zile ndogo za kwenye tairi, zote sita (mbele kila tairi lina mbili, anayebisha akafungue diramu). Ripea kiti, yaani pakiti za vipira, nimezisubiri mpaka walinzi wa posta wakawa wananiita shemeji. Silinda moja ilikuwa na vishimo vya kutu, wakaniambia nipige msasa, nikakataa nikanunua mpya, kwa sababu kipira kipya kwenye ukuta ulioliwa kinavuja kabla hujatoka getini. Kila kipira nimekipaka mafuta safi ya breki kwa kidole changu mwenyewe. Grisi haikusogea hata karibu.

Ikabaki kutoa upepo tu. Mmoja akanyage pedali, mwingine alegeze nipo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye tairi. Nikaenda kuswali Adhuhuri. Narudi, jamaa kashika chupa ya haidroliki ya usukani, ile nyekundu, anamimina kwenye kikopo cha masta. Anamimina huku anaongea na simu! Nilipiga ukelele mama ntilie wa ng'ambo akaangusha mwiko. Yeye akageuka taratibu: "Tulia bosi, mafuta ni mafuta."

MAFUTA NI MAFUTA?!

Na kopo la DOT 4, mafuta yenyewe ya breki, liko miguuni pake, tena nimeshalifungua! Vipira vile vinaelewana na mafuta ya breki peke yake. Vikionja haidroliki vinavimba, kipira cha masta kinaziba kile kitundu cha kurudishia mafuta, presha haishuki, breki zinashika zenyewe njiani na diramu zinaungua. Gari hii nilikuwa naipeleka Iringa. Mlima Kitonga mnaujua.

Mafuta ni mafuta! Basi akakaangie wanawe chipsi kwa DOT 4!

Kondakta Mstaafu:
Pole, ila nani anamwachia fundi kikopo wazi? Mungu kakusikia, fundi naye kakuona umeondoka 😂

Babu 504:
Usidanganywe umwage ujaze upya. Haidroliki ikishapita, vipira vyote ni vya kutupa, na hozi pia. Osha paipu kwa spiriti, zikauke, funga vipya.

Mrithi wa 109:
Babu, vyote TENA? Na alikuwa kwenye simu! Hakukata hata simu!

Injinia wa Kijiweni:
Citroën DS za baadaye zinatumia mafuta ya madini ya kijani, breki na sasponsheni pamoja. Ukiweka DOT 4 ndiyo unaiua. Kwa hiyo fundi hajakosea mafuta, kakosea gari.

Mrithi wa 109:
Wewe nawe! Chupa nyekundu, mkuu! NYEKUNDU!

Dada Datsun:
Nyie mnalilia vipira. Mimi fundi rangi kanipigia 120Y yangu rangi na vioo vyake. Naendesha nimetoa kichwa dirishani.

Kondakta Mstaafu:
😂😂 Dada kashinda, uzi ufungwe.

Babu 504:
Ndiyo maana nasema nunueni Peugeot. 504 ilibeba Safari Rally 1975 na 1978. Land Rover ilibeba lini?

Dada Datsun:
Na Datsun 240Z ya 1971 na 1973 umeisahau, Babu? Usitupite hivyo.

Mrithi wa 109:
Jamani, uzi ni wa breki. Alisema "mafuta ni mafuta"...

Injinia wa Kijiweni:
Volkswagen Kobe ilishinda 1954 nyote hamjazaliwa. Heshimuni wakubwa.

Babu 504:
Mimi nilishazaliwa, kijana. Dada, hicho kioo cha mbele cha 120Y ninacho stoo, nifuate pembeni tuongee bei.