Mzinga wa kale wa vita umefukuliwa shuleni kwetu: naombeni ushauri kabla haujapakwa rangi

Mwalimu wa Pwani
Wanajukwaa, habari za kazi. Mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa vyoo vya shule yetu, katika kijiji kimoja cha ufukweni wilayani Pangani, wamefukua mzinga wa chuma wenye urefu unaokaribia mita mbili na nusu, ulioliwa na kutu na kuzibwa mdomo kwa udongo mgumu. Kamati ya shule inataka usuguliwe kwa brashi ya waya, upakwe rangi nyeusi na kuwekwa karibu na mlingoti wa bendera. Fundi wa kuchomelea amejitolea kuuzibua kwa moto bila malipo, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita kuuliza bei. Mimi nafundisha historia, na ningependa kwanza kujua ulikuwa wa nani. Tuanzie wapi?

Askari Mstaafu
Mwalimu, mzuie huyo fundi leo hii. Baruti ya kale ni mchanganyiko wa shura (aina ya chumvi, nitrati ya potasiamu) takriban asilimia 75, makaa 15 na salfa 10, na kwa kuwa shura yenyewe hutoa oksijeni, moto wake hauhitaji hewa ya nje hata ndani ya mtutu uliozibwa. Maji huidhoofisha kwa kuiyeyusha shura, lakini pale tufe (risasi ya mzinga) na kizibo vilipokaza vizuri, baruti inaweza kubaki kavu kwa miaka mingi. Mwaka 2013, mzinga wa karne ya 18 uliokuwa ukisafishwa katika bustani ya Central Park, New York, ulikutwa bado na baruti na tufe lake.

Kwa kawaida hupimwa kwa ufito wa mti, kamwe si nondo: urefu wa ndani hulinganishwa na urefu wa nje kutoka mdomoni hadi kwenye kitundu cha kuwashia, na ukipungua sana, ujue kuna kitu ndani. Wa kwenu umezibwa, kwa hiyo uhesabuni kuwa umeshindiliwa, yaani bado una baruti na tufe ndani. Toeni taarifa polisi ili waje wataalamu wa milipuko, na watoto wasiukaribie.

Fundi Vyuma
Mimi sioni ubaya wa brashi na rangi, mradi wataalamu wameshaukagua. Kutu isipoondolewa itaumaliza.

Mhifadhi
Ndugu yangu Fundi, kwa chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kilichokaa kwenye udongo wa chumvi, brashi ndiyo itakayoumaliza. Chuma huyeyuka polepole kikaacha tabaka la grafiti (kaboni laini kama ya ndani ya penseli) lenye umbo lilelile la mwanzo, ila laini kiasi cha kukatika kwa kisu, na alama zote zimo katika tabaka hilo. Rangi nayo hufungia chumvi ndani, na mzinga ukikauka chumvi hiyo huanza kuubandua magamba. Ufunikeni kwa magunia mabichi na turubai, kivulini. Tiba yake ni kulowekwa katika maji ya magadi na kupitishiwa umeme hafifu, kazi ya miezi mingi inayotaka maabara.

Mwalimu wa Pwani
Nawashukuru sana. Polisi wameshafika, wamezungushia utepe na wameita wataalamu. Wakati mafundi wanautoa tope kwa kitambaa, zilionekana taji, herufi G na R, na karibu na kitako namba 21 3 10. Mjumbe mmoja wa kamati anashikilia kwamba hiyo ni tarehe 21 Machi 1810.

Mhifadhi
Mjumbe amekosea kwa njia ya kupendeza. Huo ni uzito wa Kiingereza: handredweti 21 za ratili 112, robo 3 za ratili 28, na ratili 10, yaani ratili 2,446, karibu kilo 1,110. Namba ya kati haizidi 3, wala ya mwisho haizidi 27, na hivyo ndivyo alama ya uzito hutambulika. GR ni ya wafalme walioitwa George, waliofuatana Uingereza kuanzia 1714 hadi 1830. Usihitimishe, hata hivyo, kwamba uliletwa na manowari ya Waingereza, kwani mizinga iliyochakaa iliuzwa kwa wafanyabiashara na kuhama mikono. Ile miwili ya shaba iliyowekwa mbele ya Beit al-Ajaib, Unguja, ina nembo ya Ureno, lakini haikutumiwa na Wareno peke yao.

Miaka hiyo pia inawamaliza wanunuzi wa chakavu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kwa hiyo andikeni kwa Idara ya Mambo ya Kale kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya.

Mwalimu wa Pwani
Na ikiwa tutaruhusiwa kubaki nao baada ya tiba?

Mhifadhi
Jengeni vihimili viwili vya zege chini ya paa, mdomo ukielekea chini kidogo ili maji ya mvua yasituame ndani.